Mawe ya Heshima

Ukuta uliotenga chumba cha mikutano na chumba cha tanuri ulikuwa wa mbao, na mbao hizo zilipigiliwa zikiwa mbichi. Zilipokauka, ziliachana. Kwa hiyo Rispa hakuhitaji kutega sikio ili asikie wakurugenzi wakijadili nani awe meneja mpya. Ilimtosha kunyamaza na kuendelea na kazi yake.

"Sisi hatumkatai Rispa," ilisema sauti ya Magige, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ntimaru ambaye mtaji wake ndio uliofungua mlango wa kampuni. "Nani amesema tunamkataa? Mimi nauliza kitu kimoja tu. Tukimfanya huyu mama meneja, kazi atafanya nani?"

Swali lilikuwa na uzito wake. Kampuni ya Vipimo vya Madini ya Migori, mwaka ule wa 1967, ilikuwa na tanuri moja, mizani moja ndani ya kasha la kioo, mhuri mmoja, na mtu mmoja aliyejua kuvitumia vitu hivyo vyote isipokuwa mhuri. Mhuri alikuwa haruhusiwi kuugusa.

Kampuni ilizaliwa mwaka uliotangulia, mgodi mkubwa wa Wazungu ulipofungwa. Mzee Maurice, mwenyekiti, alikuwa mtunza stoo pale mgodini, akajua mapema vyombo gani vingeuzwa kwa bei ya kutupa. Rispa alikuwa kwenye maabara ya mgodi huo kwa miaka minane. Aliajiriwa kuosha vyombo. Baada ya miezi mitatu mkemia wake aligundua kwamba makosa yake ya hesabu yalikuwa yakisahihishwa kwa penseli na mtu asiyejulikana, akaona ni nafuu amfundishe kuliko amfukuze.

Kazi yenyewe haikuwa na miujiza. Wachimbaji wadogo walitaka kujua mawe yao yana dhahabu kiasi gani. Rispa aliyaponda, akayasaga, akachanganya unga wake na unga wa madini ya risasi na boraksi, chumvi ya kuyeyushia mawe, akayeyusha tanurini. Risasi ilishuka chini pamoja na dhahabu. Kisha aliirudisha motoni ndani ya kikombe kidogo cha majivu ya mifupa. Kikombe kikainywa risasi, kikabakiza tone la dhahabu dogo kuliko punje ya wimbi. Hilo ndilo alilolipima. Akaandika cheti: tani moja ya mawe haya ina gramu kadhaa za dhahabu. Halafu akampelekea meneja, naye akatia sahihi.

Meneja wa kwanza, Mwalimu Paul, alikuwa amepata kazi Uganda na kuondoka. Vyeti kumi na saba vilikuwa mezani bila sahihi. Rispa alivitazama kila asubuhi. Hakuwa mtu wa kutamani makuu. Hata kiti cha meneja, chenye mto wa kitambaa chekundu, alikiona kama kitu cha kuchosha mgongo. Alichotaka ni kwamba namba aliyoipima yeye iwe na jina lake chini yake. Alihesabu kuwa hilo si ombi bali ni usahihi tu.

"Na kuna jambo la shimo," alisema Mzee Maurice upande wa pili wa mbao. "Meneja lazima aingie shimoni. Mwanamke akikaribia shimo, dhahabu inakimbia. Si maneno yangu, ni ya wachimbaji."

"Inakimbilia wapi?" aliuliza Magige, ambaye kwao kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko dhahabu.

"Hawajaiuliza."

*

Walitangaza nafasi. Watu sita wakaomba, wote wanaume. Kwa kuwa hakuna mkurugenzi aliyejua kutunga mtihani, Mzee Maurice alimwomba Rispa autunge, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuusahihisha, alimwomba ausahihishe pia.

"Huyu wa kwanza amepata mbili kati ya kumi," Rispa aliwaambia. "Waliobaki wamepata moja, moja, sifuri, moja, na mmoja ameandika zaburi."

"Huko mgodini mtu alipita akipata ngapi?" aliuliza Magige.

"Sita."

"Sisi tuseme mbili."

"Nyar Kasipul," alisema Mzee Maurice kwa upole. Alipenda kumwita hivyo, binti wa Kasipul, kwa sababu Rispa alizaliwa karibu na Oyugis. "Ni mbili, ndiyo, lakini tazama alivyoziandika. Huu ni mwandiko wa meneja."

Mwenye mwandiko aliitwa Cephas Ombui. Alikuwa karani wa kiwanda cha pamba Homa Bay, mtu mrefu, safi, mwenye tai mbili na adabu ambayo hata Rispa hakuweza kuipatia kasoro. Siku ya kwanza alimwambia, "Dada Rispa, mimi najua kwamba sijui. Nionyeshe." Rispa akamwonyesha mizani. Ilikuwa nyepesi kiasi cha kuhisi pumzi ya mtu. Cephas aliinama kuitazama, akapiga chafya, na mizani ikatikisika mpaka saa ya chai. Tangu siku hiyo aliiamkia kwa mbali, kama mkwe.

Lakini sahihi aliweka. Vyeti kumi na saba alivimaliza kwa asubuhi moja, kila kimoja kizuri kuliko kilichotangulia.

Wiki ya pili akaenda Osiri kuchukua sampuli.

Kwa mwaka mzima kazi hiyo ilikuwa ya Rispa. Wachimbaji wa Osiri hawakumruhusu kuvuka ua wa miiba uliozunguka shimo, basi alisimama nje, pale walipomwagia mawe yaliyotoka chini. Katika kila ndoo kumi alichota koleo moja, lolote lililokuja, zuri kwa baya. Jioni alichanganya rundo lake, akaligawa mara nne kama mtu akataye ugali, akatupa robo mbili, akachanganya tena, mpaka akabaki na mfuko mmoja wa kubeba. Sampuli kumi na mbili, miezi kumi na miwili. Dhahabu haikushuka chini ya gramu tisa kwa tani wala kupanda juu ya kumi na mbili.

Cephas alirudi na mfuko mmoja, kuku mmoja hai, na uso unaong'aa.

"Walinikalisha kwenye kiti," alisema. "Mkubwa wao, Bwana Otieno, alinishika mkono akaniteremsha shimoni mwenyewe. Wanadamu wema sana wale."

Rispa alisaga, akayeyusha, akapima. Mizani ikasema gramu sitini na nne kwa tani. Akarudia. Sitini na nne. Akaosha vyombo vyote, akatengeneza vikombe vipya vya majivu, akarudia mara ya tatu. Sitini na nne.

Magige aliposikia alikuja mbio kutoka mnadani, viatu vikiwa na samadi.

"Mwaka mzima," alisema, akisimama katikati ya maabara, "mwaka mzima mama huyu amesimama pale. Gramu kumi. Mwanamume ameingia siku moja. Sitini na nne! Hii ni sayansi ama si sayansi?"

Rispa alikuwa mtu wa haki, hata kwa Magige. Alikubali moyoni kwamba, kama hoja, haikuwa mbaya. Kitu kimoja kilibadilishwa, matokeo yakabadilika. Kasoro ilikuwa moja tu: hakuna aliyehakikisha kuwa kilichobadilishwa ni kitu kimoja.

"Mzee," alisema, "vipimo vyangu ni sahihi. Mawe ndiyo siyaamini."

"Jiwe linasema uongo?"

"Jiwe halisemi. Limechaguliwa."

"Ai, mama," alisema Magige kwa huruma ya kweli, "wivu si mzuri. Wewe una kazi yako nzuri hapa, hakuna anayeigusa."

Cheti kikaandikwa. Cephas akatia sahihi. Mzee Maurice akagonga mhuri mara mbili kwa furaha, na barua ikaenda Homa Bay kwa Bwana Kerosi, afisa wa maendeleo, ambaye alikuwa na mashine mbili za kusagia mawe za kuwakopesha wachimbaji wa wilaya: ndogo, kwa mawe ya gramu nane na kuendelea, na kubwa, kwa mawe ya hamsini na kuendelea. Kila mtu Migori alijua kwamba kampuni itakayokosea cheti kimoja kwa Kerosi haitaandikiwa barua ya pili.

*

Jumamosi Rispa alipanda lori la mahindi mpaka Osiri. Nje ya ua alimkuta Benta, mwanamke aliyewauzia wachimbaji uji, ameketi juu ya debe. Benta ndiye aliyekuwa rafiki yake wa mwaka mzima, kwa kuwa wote wawili hawakuruhusiwa kuingia.

"Nasikia dhahabu yenu imeongezeka," Rispa alisema.

"Nani kasema?"

"Bwana Meneja alipewa mawe ya sitini na nne."

Benta alicheka mpaka kata ikamponyoka. "Yale? Siku mbili wanaume wazima walikuwa wanayatafuta! Walipekua rundo lote. Otieno alitoa hata lile jiwe lake analoficha chini ya kitanda."

"Kwa nini?"

"Wewe nawe! Meneja amekuja, na tai, na miwani. Kuku akichinjwa, mgeni kama huyo unampa firigisi ama unampa shingo?"

Otieno mwenyewe alikuwa amesikia kutoka ndani ya ua, akaja na kusimama upande wake wa miiba. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega ya kubebea magogo.

"Nyar Oyugis, unatusema?"

"Nauliza tu, Bwana Otieno. Mlimdanganya meneja?"

"Kumdanganya!" Otieno aliumia kweli. "Tulimheshimu. Mtu ametoka mbali, ameacha ofisi yake, arudi nyumbani na mawe matupu? Watu wangesema nini juu ya Osiri?"

"Na mimi? Mwaka mzima mbona hamkunichagulia?"

Otieno alifikiri. Alionekana hajawahi kuulizwa.

"Wewe," alisema hatimaye, "tulikuwa tunakuacha ujichotee."

Rispa alishukuru, akanunua uji, akaandika maneno hayo kwenye daftari lake pamoja na tarehe. Aliporudi ofisini alimsomea Mzee Maurice.

"Kwa hiyo wachimbaji wametudanganya?"

"Wametuheshimu, Mzee."

"Sasa," alisema Mzee Maurice, akikunja kipaji, "hapo kuna ubaya gani?"

*

Ubaya ulifika kwa barua ya siku ya Jumanne. Bwana Kerosi aliwaita Homa Bay, meneja na wakurugenzi, na waje na mtu aliyepima. Kwa hiyo Rispa alipata nafasi kwenye gari, nyuma, kati ya magunia mawili ya mawe.

Kerosi alikuwa mtu mkavu, mwenye ofisi inayotazama ziwa, lakini kiti chake alikuwa amekigeuza kikatazama kabati la mafaili. Mbele yake aliweka vyeti viwili.

"Hiki cha mwezi wa Mei kinasema gramu kumi. Hiki cha Julai kinasema sitini na nne. Ni shimo lile lile?"

"Lile lile," alisema Mzee Maurice.

"Mlichimba chini zaidi?"

"Hapana," alisema Magige kwa majivuno. "Tumeweka mwanamume."

Kerosi alichukua kalamu. "Niandike hivyo kwa Nairobi? 'Ongezeko limetokana na kuweka mwanamume'?"

Wakurugenzi walitazamana. Ilivyosemwa Migori ilikuwa hoja. Ilivyosomwa Homa Bay, ikiwa na alama za kunukuu, ilikuwa kitu kingine.

"Bwana Meneja," Kerosi aliendelea, "wewe ndiye uliyetia sahihi. Nieleze mlivyopima."

Cephas alisimama. Alirekebisha tai. Alifungua mdomo, na kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu, aligeuka akamtazama Rispa.

"Namba ni sahihi," Rispa alisema. "Mawe yale yana sitini na nne kweli. Lakini si mawe ya Osiri, ni zawadi ya Osiri. Wanampa mgeni kulingana na ukubwa wake."

"Hiyo ni dhana ama ni jambo ulilolipima?"

Kwa miaka tisa Rispa alikuwa akisubiri mtu amwulize swali la namna hiyo. "Bado ni dhana, Bwana. Lakini inapimika kwa siku moja. Twende sote. Kila mtu achukue mfuko wake. Wewe uitie mifuko alama, ufiche orodha, nami nipime bila kujua ni wa nani."

"Wazee mna pingamizi?"

Wazee hawakuwa nalo. Mzee Maurice hata alifurahi. Hakuwahi kufika Osiri akiwa mwenyekiti. Walipokuwa wakitoka, Rispa alimsogelea Magige.

"Mzee, kesho njoo na koti lako la mnadani. Na zile gambuti."

"Kwa nini?"

"Kule kuna tope."

Ilikuwa kweli. Kule kulikuwa na tope.

*

Otieno alipoona gari la serikali likishuka mlimani, na tai tatu ndani yake, alipiga mluzi, na shughuli zote zikasimama. Viti vilitolewa. Kitambaa kikatandikwa. Mzee Maurice alikalishwa kulia, Bwana Kerosi katikati, Cephas kushoto, na wachimbaji watatu wakapotelea nyuma ya vibanda wakakaa huko kwa saa nzima. Rispa alibaki nje ya ua pamoja na Benta na debe lake, akachota koleo moja katika kila ndoo kumi. Ndoo siku hiyo zilikuwa chache.

Magige alishuka mwisho, na koti lililoliwa na mbuzi upande mmoja, na fimbo, na gambuti. Alipita langoni bila kuzuiwa na mtu, kwa maana ni mwanamume. Lakini hakukuwa na kiti.

"Mimi ni mkurugenzi," alimwambia kijana mmoja aliyebeba ndoo.

"Ndiyo, mzee."

"Nataka mawe."

"Chota mwenyewe, mzee, leo tuna wageni. Na ukimaliza uwachungie lile gari, watoto wasipande."

Magige alichota mwenyewe. Hakuchagua, kwa kuwa hakujua jiwe zuri likoje, na kwa kuwa alikuwa na hasira.

Bwana Kerosi aliichukua mifuko mitano, akaiandika herufi kwa mkono wake, akaifunga kwa kamba. Kwa siku mbili Rispa alisaga na kuyeyusha, naye Kerosi akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto mwekundu, akisoma gazeti moja mara tatu, hatoki ila kula. Siku ya pili alasiri wote walikusanyika mbele ya kasha la kioo. Cephas alisimama mlangoni, kitambaa puani, kwa usalama wa mizani.

"A," alisema Rispa. "Tisa nukta nane."

Kerosi alitazama orodha yake. "Rispa."

"B. Sitini na sita."

"Bwana Meneja."

"C. Mia moja na nane."

"Mzee Mwenyekiti."

Mzee Maurice hakuweza kujizuia. Alikaa wima zaidi. "Mia moja na nane," alirudia polepole, kama mtu aliyesomewa uzito wa mjukuu wake.

"D. Mia mbili thelathini na moja."

Kerosi alikohoa. "Hiyo ni yangu."

"Hongera, Bwana," alisema Cephas kutoka mlangoni, na alimaanisha.

"Kwa hesabu hii," alisema Kerosi, "nikimleta Mkuu wa Wilaya mlima wote utakuwa dhahabu tupu, tuupakie kwenye gari. Haya, mfuko E?"

"E. Kumi nukta tatu."

Kila mtu alihesabu kwa vidole nani amebaki. Magige hakuhitaji kuhesabu.

"Soma tena," alisema.

"Kumi nukta tatu, Mzee."

"Lakini mimi niliingia ndani! Mimi ni mwanamume! Mnaniona!"

"Tunakuona, Mzee," alisema Rispa. "Uliingia ndani, na wewe ni mwanamume, na dhahabu imekupa kumi, kama mimi. Kwa hiyo haijali ndani wala nje, wala suruali wala gauni. Tofauti yako na hawa wengine ni kiti."

Magige alikuwa ameuza na kununua ng'ombe kwa miaka thelathini, na alijua wakati ambapo mtu amemfungua ng'ombe wako mwenyewe mdomo akakuonyesha umri wake kwenye meno.

"Hata uji hawakunipa," alisema mwishowe.

Kerosi alikunja orodha. "Osiri itapata mashine ndogo. Gramu kumi zinaitosha vizuri. Ile kubwa ingekaa pale ikifuga kuku." Akamgeukia mwenyekiti. "Na kuanzia leo, cheti kutoka hapa sitakipokea ila kina sahihi ya mtu anayeweza kunijibu nikimwuliza. Mkitaka kuendelea kuniletea mwandiko, uleteni, nitauweka kwenye fremu. Lakini namba nataka zije na mwenyewe."

*

Mkutano ulifanyika siku hiyo hiyo, upande wa pili wa mbao. Safari hii Rispa hakuwa na kazi tanurini. Alikaa na kusikiliza waziwazi.

"Wachimbaji watakubali?" alisema Mzee Maurice. "Kuna jambo la dhahabu kukimbia."

"Ilikimbia wapi?" Magige alipiga meza. "Mimi nimeingia ndani, huyu mama amebaki nje, na wote wawili tumepata kumi. Nimechota nilichochota. Mwaka mzima yeye ametupa namba ya kweli, kwa sababu hakuna mtu aliyejisumbua kumpa ya uongo. Mpeni mhuri."

"Na kazi? Ulisema mwenyewe. Kazi atafanya nani?"

Rispa aliona ni vyema awasaidie, akaongea kupitia ufa.

"Cephas ataifanya."

"Nyar Kasipul, uko hapo?"

"Nimekuwa hapa siku zote, Mzee. Cephas afundishwe. Hana haraka, haibi, na hawezi kuandika namba mbaya kwa mwandiko ule. Tutaanza na kuponda mifupa ya vikombe. Mizani baadaye."

"Chafya je?"

"Atapimia na kitambaa."

Cephas mwenyewe alipoulizwa alionekana kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Alisema kwamba tangu aanze kazi hakuwahi kulala vizuri kwa sababu ya zile sahihi.

Rispa akapewa mhuri Jumatatu. Kile cheti cha sitini na nne alikipiga mstari mwekundu, akaandika kipya, gramu kumi, akatia sahihi yake. Ilikuwa sahihi ya kawaida, ndogo, inayosomeka. Aliitazama kidogo, akaona hakuna la kuongeza, akaendelea na kazi.

Mwezi uliofuata alikwenda Osiri.

Alipofika pale alipozoea kusimama, hakuachwa asimame. Lango la miiba lilikuwa wazi. Kiti kilikuwa kimewekwa. Otieno alikuwa amevaa shati.

"Karibu ndani, Meneja."

"Na dhahabu haitakimbia?"

"Mwanamke haruhusiwi," alisema Otieno kwa msimamo. "Meneja anaruhusiwa. Tumekaa kikao."

Nyuma yake wachimbaji wawili walisimama wameshika mfuko uliokwisha kufungwa. Ulikuwa mzito, na kwenye tundu dogo la kona yake kitu kilikuwa kinametameta juani.

"Tumekuandalia," alisema Otieno. "Yule afisa tulimpa ya mia mbili. Wewe ni mtu wetu. Hutapungua."

Benta, kutoka juu ya debe lake, aliinamia uji ili asionekane anavyocheka.

Rispa aliutazama mfuko kwa muda. Hii ndiyo ilikuwa heshima, basi. Ilikuwa mbele yake, imefungwa kwa kamba, na haikuwa na matumizi yoyote. Alikaa kwenye kiti, kwa maana kukataa kiti ni utovu wa adabu. Alikunywa maji, akauliza habari za watoto. Mfuko aliupokea kwa mikono miwili, akaupeleka Migori, akauandika "Zawadi," akauweka rafuni bila kuupima.

Kesho yake alimtuma Cephas.

Cephas alirudi magharibi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mfuko wa kawaida kabisa.

"Sikukaribishwa hata maji," alisema, akiketi juu ya gunia la mifupa. "Nimesalimia mara mbili. Bwana Otieno amesema amesikia nimeshushwa cheo, pole, na nisisimame njiani mwa ndoo."

"Ulichagua jiwe lolote?"

"Ningechaguaje? Nilikuwa nakwepa ndoo."

Rispa alipima. Kumi nukta moja. Cephas aliandika cheti kwa mwandiko wake, Rispa akatia sahihi, na kwa mara ya kwanza wote wawili walikisoma mpaka mwisho.

"Mwezi ujao utarudi," alimwambia.

"Na ule unaofuata?"

"Tutaona. Wakianza kukupenda, nitatafuta mtu mwingine."